Kakupigia windo kwa hela ya chipsi? Kaa chonjo!

Wiki hii hakuna habari za simu mpya wala kamera, wale wa kamera subirini zamu yenu. Nina meseji ya kijana mmoja wa Kilosa ambaye amenikuna kichwa, na naona jibu lake linawahusu wengi.

Kijana anafungua steshenari mbili kwa mpigo. Moja Kilosa mjini, ya pili Mikumi, pale barabara kuu ya kwenda Iringa, dada yake ndiye atakayekaa. Pango kalipa, mashine nne kazipata, zote za mtumba. Swali lake hili hapa: "Anko, kuna fundi anataka kunipigia windo na Office mashine zote kwa hela ya chipsi kuku na soda. Nimpe kazi au naingizwa mkenge?"

Mdogo wangu, unaingizwa mkenge. Na kinachochekesha ni kwamba fundi mwenyewe pengine hajui kama anakuingiza, maana na yeye kafundishwa hivyo hivyo.

Kwanza tuelewane steshenari ya siku hizi ni kitu gani. Zamani ilikuwa duka la madaftari na mashine moja ya fotokopi inayotoa moshi. Leo hii ndiyo ofisi ya kata nzima. Binti kamaliza kidato cha sita, anataka mkopo wa HESLB, anakuja kwako. Anataka cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, anakuja kwako. Kaka yake anaomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, naye ni wako. Wanakuachia vyeti viskaniwe, namba ya NIDA, namba ya simu, na nusu yao wanakuachia hadi nywila ya barua pepe kwa sababu "wewe ndiye unayejua". Halafu wanaondoka zao kwenda shamba. Mashine yako imebeba maisha ya watu, bwana, wala si ya kuchezewa.

Sasa tazama huyo fundi anavyofanya kazi. Anachomeka flashi. Jambo la kwanza kabisa, anazima antivairasi, maana anasema "itasumbua". Jambo la pili, anafungua kijiprogramu cha kuidanganya Windows ijione imelipiwa. Kile maarufu kinaitwa KMSPico, waliowahi kukaa karibu na mafundi wanakijua. Yaani unamwambia mlinzi akalale, halafu unamfungulia geti mtu usiyemjua ana nini kwenye begi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilitoa taarifa kwamba kuna KMSPico feki zinazozunguka mtandaoni zikiwa na mdudu aitwaye Cryptbot ndani yake. Kazi ya mdudu huyo ni kukomba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye mashine. Zile za yule binti wa HESLB zikiwemo.

Na huyo ni mpole. Kuna ukoo mwingine wa wadudu unaitwa STOP, nao unapenda sana kujificha kwenye programu za kukreki. Huu hauibi kimya kimya. Unafunga mafaili yako yote kwa kufuli, halafu unakuachia barua. Barua yenyewe ina adabu kweli: lipa dola 980, na ukiwahi ndani ya saa 72 unapunguziwa nusu. Dola 490 kwa mwenye steshenari ya Mikumi! Hapo chipsi kuku zimekuwa ghali kuliko mashine yenyewe. Na mteja aliyebakiza siku mbili dirisha la maombi lifungwe, vyeti vyake viko humo ndani, hana kopi nyingine. Utamwambia nini?

Hapo kuna jambo linaniuma kupita yote. Mashine nyingi za ofisi zilizotengenezwa kuanzia 2015 hivi, hizi HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zinazoletwa kwa makontena, zilitoka kiwandani na leseni yake halali ya Windows. Na leseni haiko kwenye karatasi, imechomekwa ndani ya bodi yenyewe. Utaratibu huo ulianza na Windows 8 mwaka 2012. Mwenyewe wa kwanza, labda benki fulani ya Ulaya, alishailipia. Ukiweka Windows safi ya aina ile ile, iliyoshushwa kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, mashine inaisoma leseni na inajiwasha bila kukuuliza. Bure, halali, na hakuna mdudu. Fundi anakuja kufuta mali halali anaweka ya wizi, na hela unampa! Mimi hapo naishiwa maneno.

Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu achomeke flashi, washa mashine uiangalie. Kama kuna leseni, fundi afanye kazi ya usafi tu, na hiyo mlipe vizuri, maana ni kazi ya haki.

Tuje kwenye mashine zenyewe. Kijana hakuniambia kanunua aina gani, na hilo ndilo linanipa wasiwasi. Windows 10 iliacha kupewa viraka vya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, basi. Windows 11 nayo inadeka, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele na kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Tafsiri yake kwa lugha ya Kariakoo: EliteBook 840 G3 hapana, G5 ndiyo. ThinkPad T460 hapana, T480 ndiyo. Muuzaji atakuambia "inakubali tu, kuna ujanja". Ujanja upo kweli, ila Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata viraka. Usinunue ujanja, nunua mashine.

Na ukiwa Kilosa chukua laptopu, achana na yale makabati ya CPU. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikielekea Dodoma kwa madaha, lakini umeme wa dukani unaweza kukatika wakati treni inapita, ukabaki umekodoa macho. Laptopu ina betri yake, unamalizia kazi ya mteja, unahifadhi, unazima kistaarabu. UPS za mtumba mara nyingi betri imeshajifia, kazi yake imebaki kupiga kelele. Kama CPU unayo tayari, usiiweke chini. Wakubwa wa Kilosa watakuhadithia mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipofurika mpaka reli ikakatika. Mezani ni pazuri.

Hela ikibaki, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, ongeza RAM ifike GB 8. Mashine ya zamani itakimbia ile mbaya, utadhani umenunua mpya. Hakuna matumizi ya hela kwenye kompyuta kuukuu yanayozidi hayo, na nitabishana na yeyote.

Sasa wale wenye mashine za zamani zisizokubali Windows 11 watasema, anko unatufungia biashara. Hapana. Kwenye hizo wekeni Linux. Naona mmeanza kuguna. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na leo ndiyo iko tumboni mwa hiyo Android uliyoshika mkononi. Kwa steshenari ningechukua Linux Mint, sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows. Inaridhika na RAM ya GB 4. Kazi za kuandika inakuja na LibreOffice, ambayo inafungua mafaili ya Word.

Wala jambo hili si geni kwetu. Nchi hii ilishawahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta, mwaka 1974, kabla baadhi yenu hamjazaliwa na wazazi wenu hawajaonana. Miaka thelathini baadaye, 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu leseni yake ilimruhusu yeyote kufungua ndani na kubadilisha, hakuna haja ya kubisha hodi kwa tajiri yeyote. Mwaka huo huo Microsoft nao wakatangaza kwamba watatoa Kiswahili. Mimi naamini ushindani uliwaamsha, nyie aminini mnavyotaka.

Ninachokipenda kuliko vyote kwenye hizi programu huria ni suala la kukopi. Sisi Waswahili kukopi tunaweza. Flashi kwa flashi, tangu enzi za kanda. Wana-Mikumi wanakumbuka mbunge wao wa 2015 hadi 2020 alikuwa Profesa Jay, ambaye kabla ya bungeni alikuwa akiuza albamu, na msanii wa enzi zile anajua uchungu wa kukuta kazi yako imedurufiwa inauzwa barabarani. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ndiyo inayomlinda yeye, na sheria hiyo hiyo inamlinda aliyeandika programu. Huwezi kumlilia Profesa Jay mchana halafu usiku unakreki Office. Lakini Linux Mint ikopi mpaka uchoke! Mpe jirani, mpe mshindani wako, peleka shule, hakuna atakayekushika bega. Leseni yenyewe ndiyo inavyosema. Ujuzi ule ule wa flashi, ila sasa uko upande wa haki.

Na hapo ndipo linapoingia suala la bando. Faili la Mint ni kama GB 3. Nyaya za baharini zilianza kufika Dar mwaka 2009, na mkongo wa taifa upo, ila kutoka kwenye mkongo hadi mezani kwa mtu wa Kilosa katikati kuna simu, hotspoti na vocha. Watu wana uchungu na bando. Aprili 2021 bei mpya zilipotangazwa zilizua kasheshe hadi zikasitishwa haraka. Kwa hiyo kijana wangu fanya hivi: lishushe faili mara moja tu, sehemu yenye mtandao wa nguvu, labda Morogoro ukiwa na safari zako. Kisha flashi moja ipande basi kwenda Mikumi kwa dada, nyingine ibaki Kilosa. Mashine nne, bando moja. Kwenye zile zitakazobaki na Windows, ingia kwenye mipangilio uiambie kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo itaanza kujishushia masasisho saa sita mchana, duka limejaa watu, na bando la wiki linakwisha kabla ya chai ya jioni.

Ila nisikudanganye, kuna sehemu Linux itakutoa jasho. Faili la Word lenye majedwali mengi, kama mtihani wa shule ya msingi, linaweza kufunguka mistari imeruka. Baadhi ya printa na skana haziielewi, zijaribu kabla ya kulipa. Na kuna Publisher, ambayo ndiyo mama wa kadi za michango ya harusi nchi hii. Haiko kwenye Linux kabisa. Ndiyo maana nasema usiweke mashine zote upande mmoja. Kila duka liwe na laptopu moja yenye Windows halali kwa kazi hizo, na ya pili iwe na Mint kwa ajili ya maombi ya mtandaoni na flashi za wateja. Hasa flashi za wateja! Wale wadudu wanaogeuza mafolda yote kuwa shotikati wametengenezwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux wanakaa tu wanashangaa. Faili la mteja lipite kwenye Mint kwanza, ndipo liende kwenye printa.

Vyeti vya watu viweke kwenye diski ya nje, ichomolewe jioni, uende nayo nyumbani. Mwenye cheti akishamaliza shida zake, mfute. Si kazi yako kutunza NIDA za watu miaka mitatu.

Na hiyo Publisher yenyewe msiizoee sana, Microsoft walishatangaza kwamba Oktoba 2026 ndiyo mwisho wake. Watengeneza kadi anzeni kuzoea Draw ya LibreOffice mapema, inafungua mafaili ya Publisher mengi tu, ingawa maua ya pembeni huwa yanahama kidogo.

Wiki ijayo ni printa na wino wa kujaza kwa sindano, maana hapo nako kuna watu wanalizwa. Mwenye swali alete.