Triathloni ya nusu masafa: Kwa nini wakimbiaji wetu hukwama majini

WAKATI Afrika Mashariki ikiendelea kutajwa duniani kote kuwa chimbuko la wakimbiaji hodari wa masafa marefu, upo mchezo mmoja wa uvumilivu ambao miguu myepesi peke yake haitoshi kumfikisha mtu mwisho. Mchezo huo ni triathloni, ambao humtaka mshiriki aogelee, aendeshe baiskeli na kisha akimbie, yote kwa mfululizo na bila saa kusimamishwa hata anapobadilisha viatu.

Agosti 2022 mchezo huo ulibisha hodi katika ukanda huu kwa kishindo, pale mji wa Rubavu, magharibi mwa Rwanda, ulipokuwa mwenyeji wa mashindano ya Ironman 70.3 kandokando ya Ziwa Kivu. Namba hiyo ni jumla ya maili zinazosafiriwa: kilometa 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Ni nusu kamili ya masafa ya Ironman yenyewe, iliyoanzia Hawaii Februari 1978, ambapo watu 15 walijitosa na 12 wakafika mwisho.

Kinachoupambanua mchezo huu na riadha ya uwanjani ni kwamba wengi wa washiriki wake ni watu wa ridhaa. Mwalimu, mhasibu au daktari hupita njia ile ile aliyopita bingwa wa kulipwa, siku hiyo hiyo, na kupangwa katika kundi la umri wake. Hatarajii zawadi ya fedha. Kinyume chake, yeye ndiye anayelipa ada ya kushiriki, nauli na malazi.

Umati huo wa ridhaa ndio utajiri wa biashara hii. Mwaka 2015 kampuni ya Wanda ya China iliinunua kampuni inayomiliki Ironman kwa dola za Marekani milioni 650, na mwaka 2020 ikaiuza kwa kampuni ya Advance ya Marekani kwa dola milioni 730. Bidhaa inayouzwa ni imani kwamba mtu yeyote mwenye utashi anaweza. Swali linalopaswa kuulizwa hapa kwetu ni iwapo imani hiyo ni ya kweli.

Mlango wa kwanza ni maji

Kwa kawaida mshiriki wa nusu masafa hupewa saa 1 na dakika 10 kumaliza kuogelea, saa 5 na nusu tangu aanze hadi ashuke kwenye baiskeli, na saa 8 na nusu kumaliza yote. Anayechelewa katika hatua yoyote huondolewa.

Kwa hesabu ya umbali, kuogelea hakufiki hata asilimia 2 ya safari nzima. Hata hivyo, ndiko mlango wenyewe. Mkenya au Mtanzania anayeweza kukimbia kilometa 21 kwa saa 1 na dakika 20 hatapata nafasi ya kuionesha kasi hiyo iwapo hawezi kuogelea mita 100 kwa dakika 3 na sekunde 41, na kurudia hivyo mara 19 bila kushika ukingo.

Aidha, ziwa si bwawa. Hakuna mstari chini wa kumwongoza mtu. Hulazimika kuinua kichwa kila baada ya mikono kadhaa ili alitazame boya. Mateke ya wenzake humpata usoni, pumzi hukatika, na hofu huingia kabla ya uchovu. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na katika mchezo huu kauli hiyo ina uzito wa uhai na kifo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu triathloni za Marekani ulihesabu matukio 135 ya vifo na kusimama ghafla kwa moyo kati ya mwaka 1985 na 2016. Matukio 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea, na wengi wa waliokumbwa walikuwa wanaume wa makamo. Kwa idadi ya washiriki wote hatari hiyo ni ndogo, lakini inatosha kumwonya anayedhani kwamba utashi unaweza kuchukua nafasi ya vipimo vya moyo na mazoezi ya maji ya wazi.

Baiskeli huamua, mbio huhukumu

Anayetoka majini salama hukabiliwa na hesabu nyingine. Mkimbiaji wa nusu marathoni wa saa 1 na nusu humzidi yule wa saa 2 kwa dakika 30 tu. Lakini mwendesha baiskeli anayekwenda kilometa 30 kwa saa humaliza kilometa 90 kwa saa 3, ilhali anayekwenda kilometa 20 hutumia saa 4 na nusu. Hiyo ni tofauti ya saa 1 na nusu, ambayo mbio haziwezi kuifidia kwa urahisi.

Sheria nazo hazina huruma. Mshiriki wa ridhaa haruhusiwi kujikinga na upepo nyuma ya mwenzake; hutakiwa kuacha nafasi ya mita 12. Akipata pancha, huiziba mwenyewe, kwani kupokea msaada wa ndugu au rafiki kando ya njia ni kosa. Kwa hiyo mwenye baiskeli nyepesi na barabara salama ya kufanyia mazoezi huanza akiwa mbele ya yule anayegombea barabara na malori alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Ndipo huja mbio, ambazo hapa kwetu wengi wangedhani ndizo sehemu rahisi. La hasha. Misuli iliyozunguka pedali kwa saa 3 au 4 hukataa kunyooka, na kilometa za kwanza mtu huhisi kama amekopeshwa miguu ya mwingine. Asiyekula vya kutosha juu ya baiskeli huishiwa nguvu; anayekunywa maji kupita kiasi bila chumvi naye hujihatarisha. Aliyejivunia kasi yake barabarani hujikuta akitembea juani, akipitwa na mtu wa umri wa baba yake aliyejua kugawanya nguvu.

Si anasa tu

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri na wageni, na kwamba nchi zenye mahitaji mengi hazina sababu ya kuujali. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa upande wa ada na vifaa. Lakini inasahau kwamba ujuzi wa kwanza unaodaiwa na mchezo huu si anasa hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi mno wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukanda huu unalijua hilo kwa uchungu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kuogelea peke yake kusingewaokoa wote waliokuwa katika chombo kilichojaza kupita kiasi, ila mtoto anayekulia kando ya ziwa bila kufundishwa kuogelea ameachwa bila kinga ambayo haigharimu mamilioni.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mabwawa yako hotelini, katika klabu na katika shule za ada kubwa. Mtoto wa shule ya kawaida hujifunzia ufukweni kwa kubahatisha, au asijifunze kabisa. Kwa upande wa baiskeli, Kigali ilionesha njia Septemba 2025 ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Majini hatua ya namna hiyo bado inasubiriwa.

Hivyo, mafanikio ya mashindano kama ya Rubavu hayatapimwa kwa idadi ya wageni waliojaza hoteli wala kwa medali zilizovaliwa mwisho wa njia. Yatapimwa siku ambayo kijana wa Rubavu, Kisumu au Mwanza atasimama ufukweni pamoja na wengine, akiwa ameogopa umbali na si maji. Utashi anao tayari. Anachokosa ni mwalimu wa kuogelea, na hilo ni jukumu la halmashauri, shule na vyama vya michezo kabla halijawa la mwanamichezo mwenyewe.