Hewa ya Kyejo inauzwa, bango la hatari halipo



Mgeni akifika Tukuyu huoneshwa Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960, kisha Ziwa Ngosi, kisha Daraja la Mungu. Mlima Kyejo, upande wa mashariki, hauzidi mita 2,200, basi hakuna anayeutaja. Na ndio uliolipuka mara ya mwisho katika ukanda huo, mnamo 1800, ukamwaga uji wa moto uliotiririka kilomita nane hivi. Mwaka huo ulikadiriwa kutokana na masimulizi ya wazee wa Kinyakyusa.

Moto umelala, pumzi haijakata. Kati ya Kyejo na Mto Mbaka, hewa ya ukaa hutoka ardhini bila moshi. Wilayani Rungwe hewa hiyo huchimbwa, ikajazwa kwenye mitungi, ikaishia kutoa povu kwenye soda.

Vijijini ina sura nyingine. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, alfajiri upepo ukitulia hujikusanya kwenye vishimo. Mtu mzima akipita wima huenda asihisi kitu. Ndama, mbwa, au mtoto aliyeinama kuokota kuni ndiye anayeivuta. Dalili zake ni panya na ndege waliokufa bila jeraha, au kijinga cha moto kinachozimika ghafla kikishushwa shimoni. Kunusa hakusaidii, maana haina harufu.

Mzaliwa wa hapo hufundishwa na bibi yake. Je, mwalimu aliyehamishiwa juzi? Kibarua wa chai? Mnunuzi wa parachichi? Njiani watakuta mabango ya wagombea, tena ya uchaguzi uliokwisha. La hewa hawatalikuta.

Goma, nchini Kongo, mahali pa namna hii huitwa mazuku, na baadhi pamewekewa mabango ya tahadhari. Kamerun, hewa hiyo hiyo ilifumuka kutoka Ziwa Nyos usiku wa 21 Agosti 1986, ikaua watu wapatao 1,700. Kyejo si Nyos, na hakuna haja ya kutishana. Ila ng'ombe mmoja akifia shimoni, kwa mwenye ng'ombe wawili hasara hiyo si ndogo.

Wakazi wanaomba vishimo vinavyojulikana vipimwe, vizungushiwe uzio, viwekewe mabango ya Kiswahili na Kinyakyusa yenye picha ya fuvu kwa wasiojua kusoma. Ombi hilo limeshaandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, likabaki humo. Na kwa kuwa hewa ya Rungwe ina soko, fedha za mbao na rangi zisianze kuchangishwa nyumba kwa nyumba.

Msomaji,
Tukuyu