Koo la Mtoto Likiuma, Linda Moyo Wake

Tahadhari hii ni kwa kila mzazi, mlezi na mwalimu mwenye mtoto wa kati ya miaka 5 na 15. Koo linalouma, likaachwa lipone lenyewe, linaweza kumharibia mtoto huyo moyo kwa maisha yake yote. Ugonjwa unaofuata huitwa homa ya baridi yabisi, na kovu unaloacha moyoni halifutiki kwa dawa. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wanaishi na mioyo iliyoharibiwa hivyo. Wengi wao wako katika nchi kama zetu, ambako watoto wanne au watano hulala chumba kimoja na maumivu ya koo huhesabiwa kuwa jambo la kumalizwa kwa maji ya chumvi.

Koo na moyo vinahusianaje? Tufuate damu inavyozunguka. Damu iliyokwisha kutumika mwilini hurudi kwa mishipa ya vena na kuingia upande wa kulia wa moyo. Upande huo huisukuma hadi mapafuni, ikaache hewa chafu na kuchukua oksijeni. Kutoka huko huingia upande wa kushoto, na chemba ya chini ya kushoto, yenye misuli minene kuliko zote, huirusha kwenye mshipa mkuu wa aota ili ifike kila pembe ya mwili. Kwa mtu mzima aliyetulia, hiyo ni kama lita 5 kila dakika. Kinachohakikisha damu inakwenda mbele tu ni vali 4, utando mwembamba unaofunguka na kufunga mara 100,000 hivi kwa siku. Ukiweka sikio kifuani mwa mtoto, ile sauti unayoisikia ni ya vali zikifunga.

Homa ya baridi yabisi huzishambulia vali hizo. Chanzo ni bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, anayekaa kooni na kuenea kwa kukohoa, kupiga chafya na kubanana vyumbani. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana naye, na koo hupona. Lakini sehemu za bakteria huyo zinafanana na tishu za mwili wenyewe. Wiki 2 hadi 4 baadaye, mzazi akiwa ameshasahau kwamba kulikuwa na koo, kingamwili zilezile huweza kugeukia viungo, ubongo na moyo.

Dalili zake hudanganya, na hapa ndipo watoto wengi hupotea. Goti huvimba na kuwa la moto. Baada ya siku mbili tatu linatulia, kifundo cha mguu kinaanza, kisha kiwiko. Nyumbani huambiwa, "Anakua huyo," au mpira umemchosha. Mtoto mwingine haumwi viungo kabisa, ila mikono inaanza kuchezacheza bila yeye kutaka. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika, kikombe cha chai kinamponyoka, uso unakunjamana, naye akilala anatulia. Mwalimu humchapa kwa utundu na jirani husema ana pepo. Nawaomba walimu hasa: mwanafunzi ambaye mwandiko wake umeharibika ghafla asiadhibiwe. Apelekwe hospitali, na moyo wake upimwe.

Shambulio la kwanza linaweza kupita bila moyo kuonyesha kitu. La pili na la tatu ndiyo huchimba. Vali inayoumia zaidi ni ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za upande wa kushoto. Ikiwa nzima, kwa mtu mzima hufunguka kiasi cha sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikijaa makovu, kingo zake hugandana na ule uwazi hubana, mpaka madaktari wa upasuaji wanaufananisha na mdomo wa samaki. Ukifika sentimita ya mraba 1 na nusu au chini ya hapo, hali ni mbaya. Damu inayotoka mapafuni inakosa pa kupita, inarundikana humohumo mapafuni. Binti anaanza kuhema akipanda kilima alichokipanda miaka yote. Usiku anaomba mito mitatu kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Anakohoa, pengine makohozi yana damu, anatibiwa pumu au kifua kikuu, na miezi inakwenda. Ajabu ni kwamba kwa wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba waliwahi kuugua.

Hatari huongezeka akishika mimba. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na vali iliyobana haiwezi kupitisha wingi huo. Wako mama waliodhaniwa wamechoshwa na ujauzito tu, kumbe moyo ulikuwa unashindwa. Wako pia vijana wanaopooza upande mmoja kwa kiharusi, kwa sababu damu iliyotuama moyoni iliganda na bonge likasafiri hadi kwenye ubongo.

Upasuaji upo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015, hurekebisha na kubadilisha vali. Lakini aliyewekewa vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, hupimwa damu kila mara, na dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ni mzigo mkubwa kwa jambo lililoweza kuzuiwa kwa sindano ya penisilini.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, angalia koo la mtoto wako. Mketishe mwangani, apanue kinywa. Mafua, kamasi, kikohozi na sauti iliyokauka mara nyingi ni kazi ya virusi, na hapo antibiotiki hazisaidii. Lakini maumivu yaliyoanza ghafla, homa, shida ya kumeza, mafindofindo mekundu yaliyovimba, pengine yenye madoa meupe, na tezi za shingoni zinazouma zikiguswa, bila kikohozi, yakupeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika. Na mpaka leo streptokoka huyu hajawa sugu kwa penisilini. Mweleze mhudumu kama mtoto aliwahi kudhurika na dawa hiyo. Akiandikiwa vidonge vya siku 10, avimalize, hata kama siku ya tatu anakula na kucheza. Vidonge vinne vya rangi mbili vya kununua dukani bila kupimwa si tiba ya koo.

Wala usimpeleke kukatwa kimeo. Mila hii bado ipo katika sehemu nyingi za Tanzania na Kenya: mtoto akikohoa sana au koo likimuuma, huitwa mtu mwenye kisu chake, anakata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kimeo hakina kosa lolote. Bakteria anabaki palepale, na juu yake mtoto anaongezewa hatari ya kutoka damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine. Nasema bila kumung'unya maneno: anayekata kimeo anamuumiza mtoto na kuichelewesha tiba.

Kwa mtoto ambaye ameshaugua homa hii, kinga ni sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka isiyopungua 10 au mpaka afikishe miaka 21, kutegemea ipi ni ndefu. Aliyeharibika vali huendelea zaidi, kama daktari atakavyoamua. Sindano hiyo inauma, sikatai, na mtoto hulia. Ndiyo maana wengi huiacha akishaonekana mzima. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kutangazwa mwaka 2021 ulifuatilia zaidi ya watoto 800 ambao vali zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila dalili. Baada ya miaka miwili, waliochomwa sindano ambao hali ilizidi kuwa mbaya walikuwa asilimia 0.8. Kwa wasiochomwa, ilikuwa asilimia 8.2.

Chukua kadi ya mtoto wako sasa hivi uitazame. Kama tarehe ya sindano imepita, usingoje ya mwezi ujao. Mpeleke kesho asubuhi.