Jicho la Mpiga Shabaha

Ukikaa juu ya mawe ya Mwanza wakati wa jioni ukatazama ziwani, hukosi kumwona mnandi akianika mabawa yake, au furukombe akishuka majini na kuinuka na samaki. Hukosi pia kumwona mtoto ameshika manati, jicho moja amelifumba, akimvizia ndege. Leo tumtazame hodari mmoja wa kulenga, ambaye jicho lake lilikuja kufanya kazi kubwa kuliko ya kupiga risasi.

Mtu huyo ni Cyril Mackworth-Praed, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1891. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, alishindana katika shabaha ya paa anayekimbia. Paa mwenyewe hakuwa na roho: ilikuwa ni sanamu iliyopitishwa mbio juu ya reli, meta 100 kutoka kwa mpigaji, ikaonekana kwa sekunde chache tu na kutoweka. Katika shindano la risasi moja moja, John Boles wa Marekani alipata pointi 40, yeye akapata 39. Katika lile la risasi mbili mbili alikuwa wa pili tena, nyuma ya Ole Lilloe-Olsen wa Norway. Kisha zikaja timu za watu wanne wanne: Uingereza 263, Norway 262. Pointi moja ilikuwa imemnyima dhahabu. Pointi moja ikampa.

Hata hivyo, sisi wa Afrika Mashariki twamkumbuka kwa jambo jingine. Akishirikiana na Kapteni Claude Grant, aliyewahi kufanya kazi katika utawala wa Tanganyika, aliandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika. Juzuu mbili za kwanza, za Afrika Mashariki na Kaskazini Mashariki, zilitoka mwaka 1952 na 1955. Grant alifariki mwaka 1958, lakini kazi haikukoma. Juzuu ya sita ilitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata Mackworth-Praed naye akafariki.

Wala kazi hizo mbili hazikuwa mbali. Ndege naye hupita kwa sekunde chache, na katika muda huo yakupasa uone rangi ya mdomo, urefu wa miguu na namna anavyopiga mabawa. Ni kweli kwamba wataalamu wa zama zile waliwaua ndege wengi ili ngozi zao zihifadhiwe katika makumbusho. Siku hizi darubini yatosha, na hata macho matupu. Saanane, kisiwa kilicho karibu kabisa na mji, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013.

Basi, mzazi, kumnyang'anya mtoto manati ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa shabaha nyingine. Mwulize: yule ndege ana mdomo wa namna gani? Anakula nini? Naye atakuuliza jina lake, na hapo wengi wetu hunyamaza. Majina hayo, kwa Kisukuma na Kikerewe, wanayo wazee waliovua ziwa hili maisha yao yote. Mpeni mtoto kalamu na daftari, aende akawaulize wangali hai.