Zege Lipimwe: Ilani ya Watu wa Gerezani

Sisi mafundi wa kulehemu, wakereza vyuma, wauza vipuri, mama lishe na wapangaji wa Gerezani tunatangaza kwamba tunaanza kuichangia Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la vuguvugu tutalitafuta baadaye. Mchango kwanza.

Mtu asituambie Chuo ni mambo ya wasomi. Oktoba 1961 kilianza na darasa la sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwendo wa miguu kutoka hapa. Mlimani kilihamia 1964. Uhandisi ulichelewa. Kijana wetu aliyeutaka alikwenda kuusomea Nairobi, hadi kitivo kilipofunguliwa hapa mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Wajerumani tunawashukuru. Zamu yetu imechelewa mno.

Na tuna sababu yetu, wala si ya heshima. Maghorofa yanatuangukia. Machi 2013 jengo liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine hapa Kariakoo, asubuhi, wafanyabiashara wakiwa kazini. Siku kadhaa wenzetu walikuwa wakitolewa kwenye kifusi. Chanzo cha kila ajali wachunguze wanaohusika. Sisi tunajua hili: zege bovu halijulikani kwa macho. Linachotwa lile lile linalomwagwa, linashindiliwa kwenye kasha la chuma la sentimita 15 kila upande, linalowekwa majini, na siku ya 28 linabanwa kwa mashine hadi lipasuke. Hapo ndipo nguvu yake inapojulikana. Lakini ni wajenzi wangapi wa mitaa hii wanaojisumbua?

Kwa hiyo fedha yetu ya kwanza ni ya mashine ya kubana zege, ya kupokea zege la mitaani tu, isigombewe na masomo ya darasani. Makasha tutayatengeneza wenyewe, wakereza tunao. Tunaiomba Ndaki ituletee wanafunzi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Wapande mwendokasi Ubungo, washuke Gerezani, wazunguke kwenye majengo yanayopanda wakichukua sampuli. Watajifunza mengi, pamoja na matusi ya wasimamizi.

Kuchanga si kugeni kwetu. Jiji hili linachangia harusi hadi watu wanakopa. Basi utaratibu uwe ule ule: kadi, ahadi, kamati, na simu za kukumbushana zinazokera. Ila hesabu zisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, na mweka hazina asiwe mwenyekiti wala shemeji yake. Mchango uende Mlimani kama vifaa, siyo fedha taslimu. Asiye na shilingi atoe siku ya kazi.

Hatutaki majina yetu ukutani. Tunataka majibu ya vipimo yabandikwe kwenye geti la kila jengo, mpangaji ayasome kabla ya kulipa kodi ya fremu. Mwenye nyumba atakayekataa, tutamtaja kikaoni.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi saa kumi na moja jioni. Njoo na ahadi yako imeandikwa.