Fimbo Haizibi Shimo

Ziko nyumba nyingi katika nchi yetu ambamo mtoto wa mbwa hupokewa kwa furaha siku ya kwanza, na hupigwa kwa hasira kabla mwezi haujaisha. Kosa lake mara nyingi ni moja: amechimba shimo chini ya ua, akapenya, akatokea barabarani. Basi mwenye nyumba hushika fimbo. Akichoka kupiga, hutafuta mnyororo. Na mnyororo nao ukishindwa, husikiliza mashauri ya majirani, nayo ni mashauri ya ajabu. Mmoja asema tia pilipili shimoni. Wa pili asema tia vipande vya chupa. Wa tatu asema lijaze maji, ukamzamishe pua humo hata atubu. Nia yangu katika insha hii ni kuwapinga watu hawa wote, mwenye fimbo pamoja na washauri wake, maana shimo lile lina sababu, na sababu haipatikani mgongoni mwa mbwa.

Na tuulize swali ambalo mwenye fimbo haliulizi: mtoto wa mbwa achimba kwa nini?

Kwanza, kuchimba ni jadi ya ukoo wake. Mbweha huwazalia watoto wake pangoni, na mbwa mwitu wa mbugani hulelea wanawe katika mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Kule Uingereza wako mbwa waitwao terrier, na jina lao latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa kuwa walizalishwa makusudi wapate kuwafuata wanyama mashimoni. Mbwa wetu wa kienyeji hawakuzalishwa kwa kazi hiyo; hata hivyo, wakulima wa Kiambu na Nyandarua wamjua sana mbwa asiyefundishwa na mtu, asimamaye juu ya kichuguu cha fuko, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akafukua udongo kwa miguu miwili mpaka shamba likaonekana kama limepitiwa na jembe. Siku hiyo mbwa husifiwa, na pengine hutupiwa kipande cha ugali. Kesho yake, mkono uleule uliomsifu kwa kufukua katika viazi wampiga kwa kufukua uani. Nani angejua tofauti? Mwenye mkono mwenyewe hakuieleza.

Pili, kuna joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Hujipoza zaidi kwa kuhema, ulimi nje. Mweke katika kiwanja cha Kisumu au cha Mombasa saa saba mchana, chini saruji, juu mabati, mti hakuna. Kisha umwangalie atakakokwenda. Atakwenda chini ya ua, penye kivuli cha michongoma na udongo wenye unyevu, afukue kidogo na kulaza tumbo lake. Huyu hakutaka kutoroka. Alitaka kitanda cha baridi, na tundu la kutokea likapatikana kwa bahati.

Tatu, kuna ukiwa, nayo nadhani ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu ametengwa na mama yake na ndugu zake juzi tu. Saa kumi na mbili asubuhi watoto wa nyumba huondoka kwenda shule. Saa moja wazazi huondoka kwenda kazini. Naye hubaki peke yake hata jioni, bila mwenzi, bila mchezo, bila kazi. Ana meno yanayomwasha na miguu isiyotulia. Kumtaka kiumbe wa namna hiyo akae kitako saa kumi ni kumtaka jambo ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha nne halimudu katika ukumbi wa mtihani.

Mwenye akili aweza kulisoma shimo kama asomavyo barua. Shimo pana lisilo na kina, lililo kivulini, lasema joto. Mfereji unaofuata mstari ardhini wasema fuko au panya. Shimo lililochimbwa upande ule ambako watu wa nyumbani huelekea waondokapo, lasema upweke. Na kama mbwa ni dume aliyekwisha kupita miezi sita, huenda amenusa jike mwenye joto ng'ambo ya pili. Dawa ya huyo ni daktari wa mifugo amhasi, wala hakuna fimbo iliyopata kumsahaulisha dume jambo hilo.

Sasa mwenye fimbo atanijibu, "Lakini yeye mwenyewe ajua amekosa! Nirudipo jioni hujikunja, akainamisha masikio, akanitazama kwa pembe ya jicho." Jibu hili nimelisikia mara nyingi, nalo lina watetezi wengi wenye elimu. Mwaka 2009 mtaalamu wa Marekani aitwaye Alexandra Horowitz alitangaza jaribio alilolifanya kwa mbwa 14. Kila mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kitu fulani, kisha akatoka chumbani. Aliporudi akaambiwa kwamba mbwa amekula au hakula, na mara nyingine aliloambiwa halikuwa kweli. Ikaonekana ya kuwa ule uso wa hatia haukufuata kosa la mbwa; ulifuata makaripio ya bwana wake. Mbwa aliyetii, akikemewa bure, alijikunja hata kuliko yule aliyekula. Kwa hiyo, anayemwona mbwa wake akijikunja jioni haoni toba, aona hofu. Mbwa hufungamanisha adhabu na jambo lililo mbele yake wakati ule ule. Shimo lilichimbwa saa nne; fimbo ilikuja saa kumi na mbili; kilicho mbele yake saa kumi na mbili ni bwana wake anaingia mlangoni. Basi ajifunza kumwogopa bwana wake aingiapo mlangoni, na shimo hulichimba vilevile, kwa bidii zaidi, maana sasa anayo sababu ya nne ya kutaka kuondoka.

Wengine hujificha nyuma ya methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni njema, lakini waitumiao hivi hawajapata kukunja samaki. Anayemkunja samaki mbichi humpinda polepole kwa vidole. Ampigaye kwa rungu hupata kitoweo kilichopondeka. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mwaweza kuwa mashahidi wangu. Mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya, ingawa sote twajua kwamba si kila shule iliitii amri hiyo. Aliyepata kuchapwa ajua alichojifunza: alijifunza kutoonekana. Mbwa naye hujifunza hayo hayo, huchimba usiku.

Ama mnyororo, mimi nauona mbaya kuliko fimbo, kwa sababu fimbo huchoka na mnyororo hauchoki. Huambiwa kwamba mbwa afungwaye mchana kutwa huwa mlinzi mkali. Ukali huwa nao kweli, lakini ulinzi ni jambo jingine. Mlinzi hutofautisha mgeni na mwizi. Aliyefungwa tangu udogoni humbwekea kila kiendacho kwa miguu, na siku mnyororo ukikatika humwuma mtoto wa jirani aliyekuja kuazima chumvi. Tena sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, yahesabu kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa la jinai. Wengi wetu twaidhani ni sheria ya punda na ng'ombe wa mikokoteni tu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawatetea wale wapole wasemao, "Mwache azurure, mbwa ni mbwa." Hao nao nawapinga, na kwa nguvu zile zile. Mbwa atokaye uani huingia katika maisha ya watu wasiomwalika. Hula kuku wa mjane. Hupita barabarani mbele ya pikipiki na kumwangusha mtu mwenye watoto. Kwa jirani Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa mara 7, moja yazo kwa udongo. Si haki kumtwika mtu taabu hiyo kwa sababu wewe hukutaka kusogeza mawe. Na zaidi ya yote uko ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishadhihirika kwa mtu, karibu kila mara mwisho wake ni mauti, na zaidi ya 99 kwa mia ya watu wanaougua huambukizwa na mbwa. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kuung'oa ugonjwa huu ifikapo 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Kijibwa asiyechanjwa, apenyaye chini ya ua kila usiku na kurudi alfajiri kulamba mikono ya watoto, ni hatari iliyofugwa. Achanjwe afikapo miezi mitatu. Na yeyote aumwaye na mbwa akioshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku ile ile.

Shimo basi lazibwe, na kazi ya kuliziba ni ya jembe. Chimba mfereji wa sentimita 30 ukifuata ua kwa ndani. Chukua wavu wa waya, kama ule wa banda la kuku, uufunge chini ya ua, uupinde ulale kuelekea ndani kama herufi L, ncha kali zikitazama chini zisije zikamkata nyayo. Ufukie, upange mawe juu. Mbwa huchimba pale pale ua ugusapo ardhi, na hapo atakutana na waya. Kisha mpe cha kufanya: kona moja yenye kivuli, udongo laini au mchanga, na mfupa mbichi uliofukiwa humo, ili miguu yake iwe na mahali pake halali. Mpe maji. Akishachanjwa, mtembeze asubuhi kabla ya shule na tena jioni. Ukimkuta anachimba uani, mwite papo hapo, umpeleke kwenye kona yake, umsifu akichimba huko.

Mtu atasema kwamba wavu ni ghali. Ni ghali, nakubali, kwa ua mrefu. Lakini mawe ya mtoni hayauzwi, na mawe makubwa yaliyofukiwa nusu, moja likigusana na jingine, yatamzuia kijibwa mpaka akue na kutulia. Anza pale alipokwisha kuchimba, maana hapo ndipo atakaporudi kesho.