Tupime Gurudumu Kabla ya Kulinunua

Nataka kutoa maoni juu ya jambo liwapotezalo watu wengi fedha. Siku hizi kijana akipata motokaa, kazi yake ya kwanza ni kuivua ringi zake na kuivika nyingine kubwa, pana, zenye kung'aa. Husema gari imepata nguvu. Mimi nasema imetwishwa mzigo, tena mahali pabaya kuliko pote.

Siyasemi haya kwa kusikia. Mjomba wangu ni dereva wa teksi huko Mwanza, na teksi hiyo ndiyo inipayo nauli ya kuja shuleni. Mwaka jana alitoa akiba yake akanunua ringi nne za inchi 17, hali motokaa ilitoka kiwandani na za inchi 14. Nilipokwenda likizo nilimwuliza, "Mjomba, mbona siku hizi gari ni nzito kuondoka?" Akacheka, akasema, "Mtoto wewe, hii ndiyo fasheni." Kabla ya likizo kwisha ringi moja ilipasuka shimoni, nami nikarudi shuleni nimechelewa wiki mbili.

Niliporudi, mwalimu wetu wa fizikia alituonyesha jambo. Tuliinamisha ubao, tukaachia pamoja pete ya chuma na kisahani cha mti kisicho na tundu. Kisahani kilitangulia kila mara. Sababu ni kwamba pete imeweka uzito wake wote ukingoni, na uzito wa ukingoni una kazi mbili: kwenda mbele na kuzunguka. Hivyo kilo moja iliyo ukingoni mwa tairi huisumbua injini karibu sawa na kilo mbili zilizo kitini, kila gari inapoondoka. Na breki nazo husumbuka vivyo hivyo inaposimama. Teksi, isimamayo kila mara, huumia kuliko gari ya safari ndefu.

Tusitie chumvi, lakini. Magurudumu manne yakizidi kilo 4 kila moja, injini huziona hizo kilo 16 kama 32 kwa wingi wake. Huyo hatimizi hata abiria mmoja mzima. Lakini abiria hulipa, kisha hushuka. Ringi hazilipi wala hazishuki.

Tena kuna mashimo. Gurudumu zito likirushwa juu, springi na shokapu hupata taabu kulirudisha chini. Tairi ikiwa hewani, breki haishiki kitu.

Wapo watakaosema, "Basi tununue ringi za aluminiamu." Ni kweli kwamba aluminiamu ni nyepesi: sentimeta moja ya ujazo ina gramu 2.7, na chuma cha pua karibu gramu 7.8. Tangu mwaka 1924 Bugatti waliziweka ringi za namna hiyo katika motokaa yao ya mashindano, Type 35. Lakini ringi ya aluminiamu iliyo kubwa na nene yaweza kuwa nzito kuliko ile ndogo ya chuma uliyoivua. Tena ya chuma ikipinda, fundi huigonga ikanyoka. Ya aluminiamu ya kumimina mara nyingi hupasuka. Na ringi kubwa hutaka tairi yenye ubavu mfupi, ambayo haipokei vizuri kishindo cha shimo.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Ushike ukubwa ulioandikwa na kiwanda. Kabla ya kutoa fedha, weka mizanini gurudumu lako la zamani na hilo jipya, yote pamoja na tairi zake. Likiwa jipya ni jepesi na imara sawasawa, nunua. Likiwa zito, liache dukani ling'ae huko.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dereva hausikii uzito wa ringi zake, kwa kuwa mchukuzi ni injini. Mjomba sasa amerudia ringi zake za inchi 14, nami muhula huu nilifika shuleni siku ya kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne